Keti Kwanza, Upige Hesabu

Ndugu zangu, katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana anamtaja mtu mwenye shauku ya kujenga mnara, na anataka mtu huyo ajue gharama kabla hajagusa jiwe. Kijana unayetamani ufundi wa majokofu na viyoyozi, nawe mzazi unayefikiria kuuza kiwanja ili umsomeshe, nawasihi: ketini. Shikeni kalamu.

Wengi wetu tunahesabu ada, basi. Lakini katika vyuo vya ufundi vya serikali, vile vya VETA, ada imekuwa kwa miaka mingi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mzigo uko kwingine. Kijana wa Mbagala anayesoma Chang'ombe atapanda daladala kila siku, atakula mchana, atanunua ovaroli na viatu vya usalama. Kama alikuwa akibeba mizigo Kariakoo na kuleta unga nyumbani, unga huo umekatika. Uandikeni nao, maana njaa ya wadogo zake ni gharama.

Kisha anahitimu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ana cheti, hana geji. Fundi asiye na geji za presha, pampu ya kunyonya hewa, mizani ya kupimia gesi, mita ya umeme na mtungi wa kuchomelea shaba atabaki kumshikia ngazi yule aliye navyo. Vifaa hivyo vikikusanywa vinaipita mbali ada ya chuo cha serikali. Mzazi aliyemaliza fedha zote kwenye masomo amemfikisha mwanawe mlangoni akamnyima ufunguo.

Geukeni sasa upande wa mapato, na msidanganyike! Mtasikia fundi fulani alifunga AC mbili Jumamosi akarudi na laki nzima. Sawa. Toeni nauli, toeni vifaa alivyonunua, toeni ujira wa msaidizi. Tuseme zimebaki 60,000. Msizizidishe kwa siku thelathini. Dar es Salaam, joto la Novemba hadi Machi halimpi fundi nafasi ya kupumzika. Juni na Julai, kusi ikivuma, watu wanafungua madirisha na simu yake inanyamaza. Jumlisheni mwaka mzima, mgawe kwa 12. Hicho ndicho kipato.

Ndiyo maana namsihi kijana asiishie kwenye viyoyozi. Ajifunze na majokofu. Samaki wa soko la Feri huoza Julai kama wanavyooza Januari, viwanda vya minofu ya sangara Mwanza havisubiri msimu wa joto, na chanjo nyingi za kituo cha afya lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 mwaka mzima.

Lakini lipo linalonichoma zaidi, nalo ni gharama ya kutosoma. Mfumo wa friji umefungwa. Gesi inazunguka humo na kurudi ilikotoka, haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayemjazia gesi mama muuza barafu kila baada ya miezi mitatu bila kulitafuta tundu hilo anamwibia mchana kweupe, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaiba! Asiyenyonya hewa na unyevu kabla ya kujaza anaacha humo unyevu utakaozaa asidi na kuila kompresa. Siku kompresa itakapoungua, mteja atadai, na faida ya mwezi mzima itakwenda kuilipa.

Na gesi zenyewe zinabadilika. Gesi iitwayo R22 inaondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kupunguza na gesi nyingi zilizochukua nafasi yake, kwa sababu zinaipasha dunia joto. Leo friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a, na AC nyingi mpya zina R32. Zote mbili zinashika moto. Anayewasha mtungi wa kuchomelea kwenye bomba lenye R600a bila kujua kilichomo anahatarisha uso wake na watoto wa mwenye nyumba waliosimama wakimtazama.

Wewe uliyejifunzia mtaani, usione haya. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi kama wewe. Nenda ukapimwe. Mabinti nao waende chuoni, kazi hii inataka akili na mkono uliotulia.

Mzazi, kabla hujalipa, fika chuoni mwenyewe uingie karakana. Uliza mwanafunzi anafungua mashine ngapi kwa mikono yake. Ukikuta AC moja na vijana arobaini wameizunguka, ondoka na fedha zako.

Nanyi wa VICOBA, mnaokopeshana kwa sare za harusi, kijana akija na cheti chake na orodha ya vifaa, mkopesheni! Mpangieni marejesho makubwa Desemba hadi Machi, na madogo Juni na Julai.