Jirani Asiyekuwamo Sokoni

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria iliyofanya moshi uuzike. Kila mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulioguswa na sheria hiyo uligawiwa vibali, kimoja kwa tani moja ya dioksidi ya salfa, gesi inayoleta mvua ya asidi. Aliyepunguza gesi kwa gharama nafuu aliuza vibali vilivyobaki, aliyeshindwa alinunua. Gesi ilipungua sana, tena kwa gharama ndogo kuliko ilivyohofiwa, na ufanisi huo naukubali bila kinyongo. Ila tusisahau kwamba ukomo wa jumla uliwekwa kwanza na Bunge. Soko liligawa mzigo tu.

Mwanauchumi Ronald Coase, katika makala yake ya 1960, aliwaza mapatano kati ya anayechafua na jirani anayeumia. Katika soko la vibali wanaopatana ni wachafuzi wawili, na jirani hayumo. Kwa kaboni inayopasha dunia joto hilo linavumilika, maana anga ni moja, gesi itoke Berlin au Beijing. Sumu inayotua karibu na inakotoka ina hesabu nyingine kabisa.

Kusini mwa California, katika miaka ya 1990, kampuni za mafuta ziliruhusiwa kununua magari makuukuu na kuyafanya vyuma chakavu. Kwa kufanya hivyo ziliepuka kufunga vifaa vya kunasa mvuke unaotoka kwenye meli zinapopakiwa mafuta bandarini. Daftarini, tani zililingana. Lakini moshi wa magari yale ulikuwa umetawanyika katika kaunti nne, ilhali mvuke, wenye benzini inayosababisha saratani, uliendelea kuwashukia watu wa mitaa ya bandarini ya Wilmington na San Pedro, wengi wao Walatino wa kipato cha chini. Nani aliwauliza? Mtu anaweza kuuza kilicho chake. Pumzi ya mwenzake haimo katika mali hiyo, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Mwaka 2017, California ilipoongeza muda wa soko lake la vibali vya kaboni, ilipitisha pia sheria ya kupima hewa katika mitaa iliyoelemewa, na Wilmington ikawa miongoni mwa ya kwanza kuchaguliwa. Ni hatua ya haki. Hata hivyo, mkazi wa pale bado hana kura juu ya kibali kinachonunuliwa kwa ajili ya bomba la moshi lililo karibu na dirisha lake.