Kazi Ilikuwapo Kabla ya Dhambi

Masomo: Mwanzo 2:15; Kumbukumbu la Torati 5:12–15



Wengine wetu tuliokulia Kilimanjaro tulilijua jembe kabla ya kalamu. Kabla ya shule tulikata majani ya ng'ombe. Msimu wa kahawa ulipofika tulichuma kihambani, chini ya migomba, zile zilizoiva nyekundu tu, na jioni tulizungusha mashine ya mkono kuzimenya. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yetu. Mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia nchi viwango vya mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei ilianguka. Wazazi wetu waliendelea kupalilia.

Shuleni nako, aliyechelewa aliadhibiwa kwa kulima. Nyumbani tuliambiwa, "Usiposoma utashika jembe." Tukajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba jembe linatulisha, na kwamba jembe ni aibu. Hilo la pili tulivuka nalo bahari.

Leo hapa Uingereza tunaogesha wazee, tunasafisha ofisi, tunapanga mizigo ghalani usiku kucha. Ndugu wakituuliza kwa simu tunafanya kazi gani, wapo wanaojibu, "Niko ofisini tu." Na mezani watoto wanasikia, "Someni, msije mkafanya kazi kama hii." Tunawatakia mema. Lakini mtoto anasikia pia kwamba anayefanya kazi hiyo ni mtu duni, na mtu huyo ni mama yake. Ni bibi yake pia, ambaye mpaka leo yuko kihambani.

Tulitazame Neno. Adamu anakabidhiwa bustani aihudumie katika sura ya pili. Dhambi inaingia katika sura ya tatu, na ndipo miiba na jasho vinapotajwa. Basi kazi yenyewe si adhabu. Bwana wetu alijulikana kwao kama seremala, na Paulo alishona mahema Korintho.

Hatusemi kwamba kila ugumu ni mtakatifu. Wapo waliokosa shule kwa sababu ya shamba, na wapo akina mama ambao migongo yao haijapona kwa mizigo ya majani. Ndiyo maana amri ya Sabato inampumzisha mtumishi, mgeni, hata punda. Sisi wauguzi tunawaona baadhi yenu mkiunganisha zamu ya usiku na ya mchana, presha ikipanda na dawa zikisahaulika. Huko si kuiheshimu kazi. Aliyetupa kazi ndiye aliyeiwekea mpaka.

Juma hili tufanye mambo matatu. Tuwaambie watoto wetu waziwazi kazi tunayofanya, na inamsaidia nani. Tumpigie simu bibi au babu aliye shambani, watoto wamwamkie, wamuulize shamba linaendeleaje, wamshukuru. Na kila mmoja wetu atenge siku moja ya kupumzika kweli, asiikubalie zamu ya ziada.

Watoto na wasome, tena kwa bidii. Wasome ili watumikie watu, si ili wapate wa kuwadharau.

Bwana azibariki kazi za mikono yetu, naye atupe na usingizi. Amina.