Je, Shukrani Ni Deni?

Mara nyingi tumewasikia wazazi na walimu wakinung'unika hivi: "Watoto hawa hawana shukrani. Twawalisha, twawavika, twawafundisha, nao hutupa kisogo." Na mzee mmoja barazani akiisha kusikia hayo, hujibu kwa mithali: "Shukrani ya punda ni mateke." Basi wote hutikisa vichwa, na maneno huishia hapo. Lakini sisi twaona hayafai kuishia hapo, maana ndani yake mna swali kubwa. Je, shukrani ni deni, ambalo mkubwa aweza kumdai mdogo kama mwenye duka amdaivyo mnunuzi?

Yafaa tuanze na aibu yetu wenyewe. Kazi yetu ni kufundisha watoto wadogo, na usiku huwaandikia hadithi. Siku moja tuliwasomea hadithi ambayo tuliihangaikia mwezi mzima. Watoto walicheka, wakapiga makofi. Kengele ikalia, wakatoka mbio kwenda kucheza. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Asante, Mwalimu." Tukaona uchungu moyoni. Kesho yake tukawasimulia habari za wale wakoma kumi waliotakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru. Nasi, kusema kweli, nia yetu ilikuwa kuwachoma. Tulipokwisha, msichana mmoja mdogo aliinuka, akautwaa ufagio, akaanza kufagia darasa, kama afanyavyo kila siku. Ndipo tulipokumbuka ya kwamba mwaka mzima tumeingia asubuhi katika chumba kisafi, wala hatujamwambia mtoto yule asante hata mara moja. Mdai alikuwa ndiye mdaiwa.

Tangu siku ile twamfikiri sana mtu mmoja aliyekuwa mwalimu na mwandishi wa watoto, mkubwa kupita sisi. Jina lake Janusz Korczak, Myahudi wa mji wa Warsaw katika nchi ya Poland. Alikuwa daktari, akaiacha kazi ya hospitali ili alee yatima. Tangu mwaka 1912 aliongoza nyumba ya yatima katika barabara ya Krochmalna, akisaidiwa na bibi mmoja hodari, Stefania Wilczyńska. Alitunga hadithi ya mtoto aliyerithi ufalme, nayo yasomwa hata leo. Na mwaka 1926 alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe.

Lakini tutakalo kueleza hapa si vitabu vyake, bali ni mifagio yake. Katika nyumba nyingi ufagio hufichwa nyuma ya mlango, kama kitu cha aibu. Korczak aliitoa mifagio mafichoni, akaiweka mahali pa heshima, penye mlango wa chumba walimolala watoto. Tena aliandika ya kwamba meza iliyofutwa vizuri ina thamani sawa na ukurasa ulioandikwa vizuri.

Mwaka 1940 Wajerumani waliokuwa wameishika nchi ile waliihamisha nyumba ya yatima kwa nguvu, wakaiingiza katika mtaa uliozungushiwa ukuta, ambamo Wayahudi walifungiwa wakafa wengi kwa njaa na maradhi. Hata humo, katika daftari aliloandika mwaka 1942, Korczak asimulia jinsi alivyokuwa akikusanya vyombo vichafu mezani kwa mikono yake mwenyewe. Asema kwa kufanya hivyo aliweza kuona sahani zilizopasuka na vijiko vilivyopindika. Naye alitaka katika nyumba ile isiwepo kazi ya mabwana na kazi ya watu duni.

Twadhani hapa pana siri ya jambo letu. Mtu hawezi kushukuru kwa kitu asichokiona. Anayekula na kuondoka huona chakula tu. Anayekusanya sahani huona na mkono ulioziosha. Kwa hiyo shukrani haianzi kinywani, huanza machoni. Sisi tuliotaka watoto waone taabu yetu ya mwezi mmoja, macho yetu yalikuwa hayajaona taabu ya ufagio wa mwaka mzima.

Msomaji mmoja atauliza: "Je, watoto wasifundishwe kusema asante?" Wafundishwe! Mtoto hufundishwa asante kama afundishwavyo herufi: kwanza huiga umbo asilolielewa, baadaye huandika neno lake mwenyewe. Lakini aige kutoka wapi, ikiwa mwalimu hakuandika kitu ubaoni? Mtoto asiyeambiwa asante nyumbani kwa maji aliyoyateka atalijua neno hilo kuwa ni ushuru utolewao kwa wakubwa.

Mwingine atasema: "Mbona Bwana wetu aliuliza habari za wale tisa?" Ndiyo, aliuliza. Lakini tuangalie vema: hakuwarudishia ukoma wao. Mwenye kudai deni, asipolipwa, hutwaa mali yake. Yeye aliwaachia afya yao. Twaona aliuliza kwa kuwasikitikia, kwa maana hasara ilikuwa yao: walipata ngozi safi, wasipate kumkaribia aliyewaponya. Na yule aliyerudi alikuwa Msamaria, mgeni. Basi tusione haya sisi Wakristo kujifunza kwa mtu asiyekuwa wa kanisa letu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1942 watoto wa nyumba ile, wapata mia mbili, walichukuliwa pamoja na walezi wao mpaka Treblinka, mahali palipotengenezwa kwa kuua watu, wakauawa. Rafiki za Korczak walikuwa wamependa kumtorosha na kumficha, lakini hakukubali kuwaacha watoto. Akaenda pamoja nao. Basi na tufikiri. Watoto wale hawakuishi hata wawe watu wazima wamtunze mlezi wao. Kama shukrani ni deni, kazi ya mtu yule ya miaka thelathini ilikuwa hasara tupu. Nani kati yetu athubutu kusema hivyo? Wahenga waliona mbali waliposema, "Tenda wema wende zako."

Kwa hiyo jibu letu ni hili: shukrani si deni la kudaiwa, ni mbegu ya kupandwa, na mpandaji wa kwanza ni mkubwa. Jioni hii, sahani yako itakapoondolewa, utazame mkono unaoiondoa. Utazame mgongo uliobeba kuni. Kisha useme neno moja, na usingoje jibu.

Sisi tulijaribu. Asubuhi iliyofuata tulimwambia msichana yule, "Asante, mwanangu." Akasimama na ufagio mkononi, akatutazama kwa mshangao, akauliza, "Asante ya nini, Mwalimu?" Yeye hakuwa amehesabu kitu. Nasi tulijua siku hiyo ni nani aliyekuwa mwalimu katika darasa lile.