Jibu la Mtoto Aliyepima

Watoto wanapofundishwa habari za Eratosthenes, aghalabu huambiwa kwamba alikuwa Mgiriki mwenye akili nyingi aliyepima mzingo wa dunia bila kuizunguka, kisha somo likaishia hapo. Sina ugomvi na sifa hizo. Alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, yapata mwaka 276 K.K., akawa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri. Alipewa jina la utani Beta, yaani wa pili, kwa kuwa ilidaiwa kwamba katika kila elimu alikuwa nyuma ya mtu mmoja. (Watoto hulipenda jina hilo, hasa wale wasiopata kuwa wa kwanza darasani.) Lakini je, twataka mtoto amwamini Eratosthenes, au afanye kama yeye?

Inasimuliwa kwamba huko Syene, ndiyo Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua lilisimama utosini, na fimbo haikuwa na kivuli. Adhuhuri hiyohiyo Alexandria kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali baina ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Akazidisha kwa 50, akapata 250,000.

Sisi wa Msata hatuna haja ya kusimuliwa ajabu hiyo. Fimbo hukosa kivuli hapa kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 9. (Mtoto asitegemee saa sita kamili, saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45, ulio mbali baharini, na mwezi Machi jua hufika utosini saa sita na nusu imekwisha kupita.) Kulinganisha na Bagamoyo hakufai, maana iko karibu mashariki yetu moja kwa moja. Moshi yafaa. Siku hiyo, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa Moshi itatoa kivuli cha sentimeta 5 na kidogo, yaani pembe ya nyuzi 3, ambayo ni sehemu moja ya 120 ya duara. Ukihesabu mwendo wa kaskazini peke yake, Moshi iko kama kilomita 330 kutoka kwetu. Zidisha kwa 120: kilomita 39,600. Mzingo wa dunia ni karibu 40,000.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Hakuna awezaye kuwa Syene na Alexandria adhuhuri moja, wala Msata na Moshi. Mtoto wa Msata hana budi kuliamini neno la mwenzake asiyemwona. Na huyo mwenzake, ikiwa amekwisha kusoma kitabuni kwamba jibu ni 5, naye amepima akapata 7, ataandika nini? Aliyewahi kusimamia mazoezi ya sayansi anajua: atapika jibu. Tena hupika kwa sababu jibu la kitabu hupata vema, na jibu la macho hupata kosa.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulio moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakubadili alichokiona, akauliza tena mbele ya Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 maandishi yao yakachapishwa, na wataalamu wangali wanabishana.

Wapo watakaosema mtihani wa taifa hauna nafasi ya kivuli cha sentimeta 7. Ni kweli, na mwalimu mwenye watoto 80 simlaumu. Lakini daftari si mtihani. Yule wa Moshi aliyeandika 7 ningempa alama zote, kisha ningemwomba turudi uwanjani tutazame kama fimbo yake ilisimama wima.