Maji yanayobaki mtoni hayajapotea

Wapo wanaoamini kuwa maji yanayopita mtoni bila kuchotwa ni maji yaliyopotea. Kwa fikra hiyo, aliyechimba mfereji akamwagilia mpunga ndiye aliyeitumia neema ya Allah (SW), na maji yaliyofika baharini ni hasara tupu. Je, Muislamu anaweza kuikubali fikra hiyo?

Tuchukue mfano wa Mto Ruaha Mkuu. Mto huu hukusanya maji ya bonde la Usangu mkoani Mbeya, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme na hatimaye kuungana na Rufiji. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ukawa unakauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Sababu kubwa ni mifereji ya mashamba huko juu, ambayo mingine iliendelea kuvuta maji hata baada ya mavuno. Viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope, samaki wakafa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kuwa ifikapo 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka huo ulifika na kupita, mto ukaendelea kukauka.

Wanauchumi wanashauri kuwa manufaa ya maji yanayoachwa mtoni yapewe thamani ya fedha: samaki, watalii, umeme. Ushauri huo una faida, kwani kisichohesabiwa husahauliwa na wakubwa. Lakini kinacholindwa kwa bei tu huachwa siku bei ya kingine ikipanda. Mchele ukipanda bei, kiboko atashindwa mnadani. Hana fedha, wala hana kura.

Uislamu unaanza na haki kabla ya bei. Katika Surat Al-Qamar tunasoma kuwa watu wa Thamud waliamriwa kugawana maji na ngamia jike, kila upande kwa zamu yake. Ni kweli ngamia yule alikuwa muujiza, lakini mtihani waliopewa ulikuwa wa kumwachia mnyama fungu lake la maji. Waliushindwa, wakaangamia. Naye Mtume (SAW) alihukumu juu ya maji ya bonde la Mahzur, Madina, kuwa wa juu azuie maji mpaka yafike vifundoni, kisha ayaachie yaende kwa wa chini. Wa juu ametangulizwa, lakini amewekewa mpaka.

Atauliza mtu: watu wa Mbarali wale nini? Swali hilo ni la haki. Uhai wa mtu unatangulia, na hata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kulinda mazingira. Lakini maji yanayomwagika shambani baada ya mpunga kuvunwa hayamlishi mtu yeyote. Wala si uadilifu mzigo huu kuwatwisha wanyonge peke yao. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na ng'ombe wao, na mto haukupona kwa hilo.

Sisi wa mijini tusijitoe. Mchele wa Mbeya uko sahanini mwetu, na umeme wa Mtera na Kidatu unawaka hadi misikitini mwetu. Sisi pia ni wa chini ya mto huo, na mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ulitukumbusha.

Basi anayefunga mfereji wake baada ya mavuno asijione kuwa anamtendea hisani kiboko, mvuvi wa Rufiji au mkazi wa Dar es Salaam. Anarudisha amana kwa wenyewe.