Siku Zimetimia, Mtoto Hajafika



Katika siku hizi za Kwaresima nilipita vigango vya upande wa Nyabiyonza kuwaungamisha waamini. Jioni moja katekista alinipitisha katika nyumba ambayo sitaitaja, nayo haina haja ya kutajwa, maana nyumba kama hiyo zipo nyingi Karagwe na Kyerwa. Humo mna mume na mke, watoto watano, na wa sita yu tumboni. Mama alikuwa ameketi mkekani chini ya migomba, akichambua maharage. Nikamwuliza hali. Akanijibu kwa upole, "Padre, tunangoja. Leo ni siku ya tisa tangu tarehe waliyoniandikia kliniki."

Baba wa watoto alirudi kutoka shambani, akanawa mikono, akanisalimu, kisha akaniomba tusogee kando. Nilidhani anataka kuungama. Kumbe alikuwa na swali. "Padre, je, ni dhambi kuuza kahawa ikiwa bado mtini?"

Msomaji wa pande zetu ameelewa mara moja. Hiyo ndiyo butura. Mtu mwenye fedha huja katika miezi ya njaa, kahawa ikiwa ua au ingali mbichi, akatoa fedha mkononi leo, na wakati wa mavuno yeye ndiye mwenye mazao. Bei yake ni ndogo kuliko ile ambayo mkulima angelipwa na chama cha msingi baada ya kuvuna na kuanika. Serikali imeikataza na viongozi wa mkoa wa Kagera wameikemea mwaka baada ya mwaka, lakini haifi, kwa sababu njaa na ugonjwa havingoji msimu. Mtu wa namna hiyo alikwisha kufika katika nyumba ile. Alitaka mistari miwili mizima ya mibuni, ile iliyo mizuri kuliko yote.

Nikamwomba yule baba anionyeshe hesabu yake. Alikuwa ameiandika nyuma ya daftari la mtoto. Mtu asije akafikiri kwamba maskini hawapigi hesabu; wanapiga kuliko matajiri, maana shilingi yao ikikosea njia hairudi. Katika nyumba ile sukari ilikuwa imekoma tangu Januari. Nyama walikuwa wameahirisha hadi Pasaka. Sare ya mtoto wa tatu ilikuwa imeshonwa upya kutoka ile ya kaka yake, kwani ingawa ada ya shule imeondolewa tangu 2016, nguo na madaftari bado vyamtazama mzazi. Migomba nayo si kama ile ya baba zetu. Tangu mnyauko ulipoingia mkoani Kagera, yapata miaka 20 iliyopita, wengi wamekata migomba na kuichimbia chini, na nyumba iliyokuwa ikila kutoka shambani sasa hununua unga.

Hayo yote niliyasoma nikamsifu. Lakini nilipoendelea kusoma moyo wangu ulibadilika. Mama alikuwa ameacha kwenda kliniki mara ya mwisho aliyotakiwa, ili nauli ya pikipiki ibaki. Tena alikuwa akifunga. Naam, mwanamke mwenye mimba iliyopita siku zake, akila mara moja kwa siku, kwa sababu ni Kwaresima na kwa sababu chungu hakitoshi. Na sababu hizo mbili zilikuwa zimechanganyika hata yeye mwenyewe asijue ipi ni ipi. Rubisi ya Jumapili haikuwa imepunguzwa. Nilipomwuliza baba juu ya hiyo akatazama chini.

Na mstari wa mwisho katika daftari lile ulikuwa wangu mimi. Umeandikwa: "Kanisa, bati, 10,000." Majuma mawili kabla nilikuwa nimehubiri kwa ukali juu ya wale wasiomaliza mchango wa bati la kigango. Yule baba alikwenda nyumbani, akafungua kopo la fedha za uzazi, akatoa elfu kumi, akamletea katekista. Katika orodha yetu alikuwa ameondolewa katika wadeni. Sisi tulifurahi.

Sipendi kulifunika jambo hili. Mapadre twapanda altareni na kusema "kila mtu atoe," nasi hatujui kila mtu anatoa kutoka kopo gani. Fedha ile imerudishwa. Bati litangoja; halina siku za kutimia.

Sasa nilijibu nini kuhusu swali lake? Nilimwambia kwamba dhambi ya butura ni ya yule anayenunua shida ya mwenzake kwa bei ya chini, akijua anachofanya. Mzazi anayeuza ili mke wake afike hospitalini, huyo ameibiwa, hakuiba. Lakini nilimwambia pia kwamba kabla hajaitoa kahawa ya watoto sita, ni lazima tuone kama hakuna njia nyingine. Maana akiitoa Machi, Julai atakuwa hana kitu, na Machi ijayo yule mtu wa fedha atarudi tena.

Injili ya Mtakatifu Luka yatuambia neno ambalo twalipita haraka kila mwaka. Mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni Yerusalemu, wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili. Torati iliagiza mwanakondoo pamoja na ndege mmoja. Ndege wawili walikuwa sadaka ya yule asiyeweza kumpata mwanakondoo. Basi Familia Takatifu ilipunguza matumizi. Yosefu fundi alipiga hesabu, akaona mwanakondoo hapatikani, akanunua njiwa, wala hakukopa ili watu wasimcheke. Hatusomi popote kwamba alipunguza katika Maria. Alimchukua mkewe mjamzito safari ndefu kutoka Nazareti mpaka Betlehemu, na nyumba zilipojaa, alitafuta mahali mpaka akapata. Sikukuu yake ni tarehe 19 mwezi huu. Akina baba wanaopenda kuitwa wasimamizi wa nyumba na wasimame mbele ya sanamu yake na daftari mkononi.

Kuhusu kufunga, neno langu ni fupi. Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye hawabanwi na sheria ya mfungo. Kila mwenye mimba anayesoma habari hii, au anayesomewa, na ale. Kama katika nyumba ni lazima mtu mmoja apungukiwe, awe yule mwenye tumbo jepesi zaidi.

Kuhusu siku zilizopita, maneno yalikuwa mengi kijijini. Mmoja alisema mtoto huyu ana makubwa mbeleni ndiyo maana hana haraka. Mwingine alinong'ona uovu juu ya mama, neno ambalo sitaliandika gazetini. Bibi mmoja, kwa nia njema, alikuwa amekwisha kuchemsha majani ya kuleta uchungu.

Tusikie wanasema nini wenye elimu ya jambo hili. Mimba huhesabiwa majuma 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni watoto wachache tu wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kuzidi siku tatu au nne si ajabu wala si laana. Lakini ngoja ina mpaka wake. Kadiri siku zinavyozidi, kondo la nyuma, ambalo ndilo linalomlisha mtoto, huchoka. Maji yanayomzunguka hupungua. Naye aweza kutoa kinyesi ndani na kukivuta mapafuni. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mama aliyetimiza majuma 41 kwa hakika aanzishiwe uchungu hospitalini. Siku ya tisa maana yake majuma 41 yamekwisha kupita. Mama yule hakujua, kwa sababu kliniki ambayo angeambiwa hayo ndiyo ile aliyoiacha kwa ajili ya nauli.

Majani nayo yana nguvu kweli, na hapo ndipo penye hatari. Hakuna ajuaye kipimo chake. Mfuko wa uzazi uliokwisha kubeba watoto watano ukisukumwa kwa nguvu isiyopimwa waweza kupasuka, na mama kama huyo huweza kutokwa na damu nyingi hata baada ya kuzaa salama. Nilimwambia yule bibi hayo kwa heshima, naye akamwaga chungu chake bila kunung'unika. Wazee wetu husikia wakielezwa. Tatizo ni kwamba twawakemea tu.

Msidhani naandika mambo ya kutisha bure. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa sababu za uzazi. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wakunga na waganga wetu. Lakini 104 si namba ya kupangusia mikono, na kila mmoja wao ana kopo lake la fedha lililoachwa rafuni.

Wapo watakaosema, "Lakini nani aliwaambia wazae sita?" Nimeyasikia hayo, tena kutoka kwa watu waliotoka Misa. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya 1968 juu ya uzazi, hakuwaambia wazazi wazae pasipo kufikiri. Aliwataka wapime hali ya mwili, ya mali, ya moyo na ya jamii, na alikubali kwamba wengine kwa ukarimu watakuwa na watoto wengi na wengine kwa sababu nzito watasubiri. Mazungumzo hayo ni mazuri na yana wakati wake, mume na mke pamoja, na mafundisho ya njia za asili parokiani. Wakati wake si pale mama anapohesabu siku za kuchelewa. Zakaria alifungwa ulimi mpaka mtoto wake alipozaliwa na kupewa jina. Wako watu katika vigango vyetu ambao ningewaombea neema hiyo hiyo.

Nataka nikae kidogo juu ya Elisabeti, mke wa Zakaria. Jirani zake na jamaa zake walikuja kufurahi naye, asema Luka, alipokwisha kuzaa. Ni desturi yetu sisi pia. Hongera zetu hufika baada ya mtoto: sabuni, kitenge, ndizi, sukari, na vicheko vingi. Lakini Bikira Maria alikuja kabla. Alikwenda kwa haraka mpaka milima ya Yudea, akakaa kama miezi mitatu. Nani alichota maji katika nyumba ile ya wazee wawili, mmoja bubu? Hatari yote ya uzazi iko kabla ya hongera, na kabla ya hongera sisi hatupo. Kwa harusi twachanga miezi sita mbele, kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna vikao. Kwa msiba twachanga saa ile ile. Kwa mwanamke anayengoja, mume wake huachwa peke yake na daftari.

Jirani zetu wa Ankole na Kigezi, huko Uganda, wana vyama vya engozi, yaani machela: watu wa kilima kimoja walioapa kumbeba mgonjwa wao mpaka kwa mganga, na asiyetokea hutozwa faini. Sisi tuna Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji tangu 1976. Zinasali rozari vizuri sana. Je, jumuiya yaweza kuwa na kopo moja lisiloguswa, la mama yeyote aliye karibu kuzaa, Mkatoliki au si Mkatoliki? Na orodha ya wenye pikipiki wasioogopa usiku? Serikali nayo imeeneza tangu 2022 mpango uitwao m-mama: mama mjamzito akipatwa na hatari, hupigwa simu namba 115 bila malipo, na gari au dereva wa karibu hutafutwa. Katika nyumba ile hakuna aliyeijua namba hiyo. Katekista aliiandika kwa chaki mlangoni.

Huduma ya uzazi katika vituo vya Serikali haina ada kwa mujibu wa sera, lakini nauli, chakula cha anayemsindikiza, nguo za mtoto na vifaa vinavyokosekana siku hiyo havikuandikwa katika sera. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimpeleka yule baba katika butura.

Jumuiya ya mtaa ule ilikutana usiku ule ule, si kwa hotuba yangu, bali kwa sababu mama mmoja mjane alisimama akasema amezika bintiye kwa kungoja. Walichanga kilichokuwepo. Kesho yake asubuhi mama alipelekwa hospitalini na shemeji yake. Alianzishiwa uchungu, na siku ya pili akazaa mtoto wa kike. Wote wawili wametoka, na baba alinitumia salamu kwamba wanataka ubatizo Jumapili ya pili ya Pasaka.

Kahawa haijauzwa. Mtu wa fedha alirudi mara moja, akaambiwa asubiri wenyewe wavune. Deni dogo la hospitali limebaki, nalo ndilo litakalozungumzwa Alhamisi hii jioni jumuiya itakapokutana, pamoja na suala la kopo: nani atalishika, na ufunguo ukae kwa nani. Wameniomba nifike bila kuleta orodha ya bati.