Mfalme Aliyechoma Kitabu: Je, Kukataa Kujua ni Dhambi?

 

Leo naomba mfungue Biblia, Yeremia sura ya 36. Ni majira ya baridi. Mfalme Yehoyakimu ameketi ndani, na moto unawaka mbele yake. Ameletewa kitabu ambacho Baruku alikiandika kutoka kinywani mwa nabii Yeremia, chenye onyo kwamba nchi inaelekea kuangamia kama watu hawatabadilika. Mtumishi anaanza kusoma. Kila anapomaliza safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hadi kitabu chote kinateketea. Watumishi wake kadhaa wanamsihi asifanye hivyo, lakini hasikii. Na Biblia inatuambia kwamba yeye na waliokuwa pamoja naye hawakuogopa hata kidogo.

Sasa hebu tujiulize: mfalme huyu alikosa nini hasa? Pale hakudanganya mtu. Alikataa tu kujua. Je, kukataa kujua ni dhambi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino analipokea swali hili kwa makini. Kuna mtu asiyejua kwa sababu hakuwa na namna yoyote ya kujua. Huyo hana hatia. Kuna asiyejua kwa uzembe. Huyo ana sehemu yake ya lawama. Halafu kuna ujinga wa kujitakia: mtu anakwepa kujua ili aendelee na mambo yake bila dhamiri kumsumbua. Huu wa tatu, anasema Thomas, haumtetei mtu. Unaweza hata kuongeza uzito wa kosa lake, maana unaonyesha jinsi anavyoipenda ile dhambi.

Ni kama mtu anayeficha kipimajoto ili aseme mtoto hana homa.

Moto wa siku hizi

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini maagizo ya kuitoa nchi yake katika Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi na katika Shirika la Afya Duniani (WHO). Hayo mawili yalizungumzwa sana. Mimi nataka tuangalie kitu kilichopata kelele chache zaidi, yaani vipimo.

Mwaka 1985, baada ya njaa kubwa ya Ethiopia, Marekani ilianzisha mfumo wa kutoa tahadhari ya njaa unaoitwa FEWS NET. Wataalamu wake wanaangalia picha za setilaiti, mvua, hali ya mazao na bei za nafaka sokoni, kisha wanasema miezi kadhaa kabla: eneo fulani watu watakosa chakula. Mwishoni mwa Januari 2025, misaada ya nje iliposimamishwa, tovuti yake ilizimwa, na ikachukua miezi kabla ya kurudi.

Februari ukafuata mpango wa DHS, ule uliosaidia nchi nyingi kufanya utafiti wa afya na idadi ya watu. Huu unatuhusu kabisa. Wadodosaji wanapita nyumba kwa nyumba, wanamuuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, wanampima mtoto urefu na uzito. Kwa njia hiyo ndipo tukajua kwamba hapa Tanzania vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Marekani ikausitisha mpango huo.

Twende na Hawaii, kwenye kituo cha Mauna Loa. Huko hewa ya ukaa imekuwa ikipimwa tangu 1958. Wakati ule ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420. Bajeti iliyopendekezwa na serikali hiyo kwa mwaka 2026 ilitaka fedha za kituo hicho zifutwe. Lakini fedha zikifutwa, joto litaacha kupanda? Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na haikusubiri kibali cha bunge lolote.

Tusiwanyooshee vidole Wamarekani tu

Tuseme ukweli, hata sisi moto huo tumeuona. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za korona nchini kwetu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikutolewa tena. Namba zilisimama, lakini misiba haikusimama. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) lilitoa waraka ukionya juu ya wimbi jipya na kuwataka waamini wachukue tahadhari huku wakisali. Wakati ule kuandika hivyo kulihitaji moyo. Maaskofu wetu hawakuona kwamba sala na kunawa mikono ni maadui.

"Lakini sayansi nayo inakosea"

Ni kweli, inakosea. Ila ukipewa kipimo kibovu, dawa yake ni kupima tena vizuri zaidi. Kuvunja mizani hakujawahi kusahihisha uzito.

Wengine watasema: "Zile ni hela za Wamarekani, wana haki ya kuzifanyia wanachotaka." Hoja hii ina uzito, nisiidharau. Hakuna taifa linalodaiwa kutusaidia milele, na ni aibu yetu pia kwamba kuwahesabu watoto wetu wenyewe tulimwachia mtu mwingine alipie. Lakini mtu anayebeba taa mbele ya msafara usiku, akichoka, anaikabidhi kwa mwingine. Haizimi ghafla watu wakiwa katikati ya daraja.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu. Kiongozi ana mamlaka juu ya uamuzi. Sayansi inaweza kutuambia joto limepanda kiasi gani, au ugonjwa unaenea kwa kasi gani. Haituambii peke yake tujenge nini kwanza, shule au ukuta wa kuzuia mafuriko. Kupima faida na hasara ni kazi halali ya siasa, na watu wema wanaweza kutofautiana. Lakini kiongozi hana mamlaka juu ya kipimo. Ukweli haukuumbwa na yeye. Akiamua vibaya huku namba ziko wazi, tunaweza kumuuliza. Akizifuta namba, amelilazimisha taifa zima liwe na ujinga wa kujitakia ambao halikuuchagua.

Na wanaolipa ni nani? Tajiri ana daktari wake, na joto likizidi ana kiyoyozi. Anayelipa ni mama wa kijijini anayejifungulia mbali na hospitali, na mkulima anayepanda kwa kuangalia mawingu. Hao wasipohesabiwa, wakifa ni kana kwamba hawakufa.

Kumbukeni mfano wa Yesu katika Luka sura ya 15. Mchungaji mwenye kondoo mia alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alihesabu! Asingehesabu, angerudi nyumbani jioni kwa amani kabisa, na yule mmoja angeliwa na fisi. Tumezoea kudhani kwamba takwimu ni kitu baridi, cha ofisini. Kumbe kuhesabu kunaweza kuwa mwanzo wa upendo.

Imani haiogopi kipimo

Kuna vijana wanaodhani kwamba ukiwa Mkatoliki wa kweli ni lazima uitilie sayansi shaka. Si hivyo. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alianza kwa kuwasikiliza wanasayansi kabla ya kutoa mafundisho yake. Vatikani yenyewe ilijiunga na Mkataba wa Paris mwaka 2022. Na Papa Leo XIV alisoma hisabati chuo kikuu.

Kusema "Mungu atatulinda" huku unafumba macho si imani. Yesu alipokuwa juu ya kinara cha hekalu, shetani alimwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Alikataa. Hakutaka kumjaribu Mungu.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kusambaza ujumbe wa afya au wa hali ya hewa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, jiulize: nani amepima, na amepima vipi? Amri ya nane haikuishia mlango wa mahakama. Inafika mpaka kwenye simu yako.

Pili, wadodosaji wakifika kwenu, wapokeeni na kuwajibu kwa ukweli. Waelezeni wazee nyumbani kwamba hao si wapelelezi.

Tatu, ninyi mnaosoma takwimu, udaktari, hali ya hewa, maabara: huo ni wito. Siku moja mtu mwenye cheo atakuja kukuomba ubadilishe namba moja tu. Anza leo kumwomba Roho Mtakatifu kipaji cha nguvu kwa ajili ya siku hiyo.

Sura ile ya Yeremia haimaliziki kwenye majivu. Mungu alimwambia nabii achukue kitabu kingine, aandike upya yote yaliyochomwa. Baruku akakaa chini akaandika tena, na maneno mengine mengi ya namna ileile yakaongezwa.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliye Ukweli, utuondolee woga wa kujua. Uwape viongozi wetu masikio ya kusikia habari ngumu, na wanaopima uwape moyo wa kutokupindisha. Utufundishe kuwahesabu ndugu zetu kama wewe unavyotuhesabu, mmoja mmoja. Amina.